Soma Kifuniko

Usiniambie "nipe mafuta ya usukani" ukaishia hapo.
Ni sawa na kuingia duka la dawa la jirani
ukasema "nipe vidonge."
Vya nini? Vya nani? Amekula?
Nitakuuliza, nawe utakunja uso,
na nyuma yako yupo kijana wa bodaboda
anataka taa ya nyuma, ana haraka.
Mwache angoje.

Gari gani?
Noa. Noa ya mwaka gani?
Hujui. Basi rudi nje, fungua boneti,
kuna kikopo kidogo karibu na mkanda,
kipanguse kwa kidole, vumbi la Masasi lina ung'ang'anizi,
usome kifuniko.
Jibu liliandikwa pale
kabla gari halijapanda meli.

Rangi si ushahidi.
Wanakuja na tambara lenye doa:
"Lilikuwa jekundu, dada, nipe jekundu."
Hata rozela ni nyekundu.
Toyota nyingi za zamani, sawa, zinakunywa ATF,
Honda ina yake na haitaki kuchanganyiwa,
na yule daktari wa Mkomaindo mwenye gari la Kijerumani
anaagiza la kijani kutoka Dar, analisubiri wiki nzima,
anatembea kwa miguu, hanuni.
Huyo ndiye mteja.

Mimi sikuzaliwa na maswali haya.
Ilikuwa Novemba, malipo ya korosho yametoka,
duka limefurika mpaka barazani,
bosi yuko Mtwara kufuata mzigo,
nami nina siku tisa kazini.
Mzee Nalinga akaegemea kaunta:
"Mwanangu, usukani unalia nikikata kona.
Unalia kama mbuzi aliyesahauliwa juani."
Nikamshushia chupa.
Ilikuwa na maandishi makubwa. Sikuyasoma.
Nilisoma bei.

Yalikuwa ya breki.

Mafuta ya breki hayana haraka.
Yanaingia kwenye pampu kama mgeni mpole,
yanazilainisha sili, yanazivimbisha,
mpira unakuwa kama ugali uliolala majini.
Siku ya tatu, amepita Nagaga,
magunia kumi na manne mgongoni mwa pikapu,
kwenye mlima ule wa kupandia Newala,
usukani ukawa mzito kama kuzungusha jiwe la kusagia.
Kona ikaja. Yeye akaenda moja kwa moja,
ndani ya shamba la mihogo la watu.

Hakuumia. Nalisema mapema
kwa sababu mimi niliambiwa mwishoni.

Alhamisi akaja na pampu ndani ya kiroba,
akaiweka juu ya daftari langu la mauzo,
ikaacha duara ambalo bado lipo.
Nilijiandaa kwa matusi.
Akauliza taratibu, kama anayetaka kujua kweli:
"Wewe unajua kusoma?"
Nikasema, ndiyo, mzee.
"Mimi sijui," akasema.
"Ndiyo maana nilikuja kwako."

Pampu ya mtumba ilikatwa kwenye mshahara wangu
miezi minne. Ilikwisha Machi.
Hilo swali halijakwisha.

Bado anakuja. Nilimchorea zile herufi
kwenye kipande cha boksi, akakibandika ndani ya boneti:
A, paa la kibanda na boriti yake.
T, mwimo umebeba mtambaapanya.
F, ufunguo uliovunjika meno ya chini.
Juzi, duka la kule stendi, wakampa chupa nyekundu.
Akaigeuza, akaigeuza tena,
akaitafuta kibanda, hakukiona,
akairudisha.
Alipita hapa kunisimulia tu, hakununua kitu,
akanywa maji yangu yote ya kwenye friji.

Kwa hiyo ukiona nauliza sana,
usidhani nakudharau.
Umesoma kifuniko? Nitajie, herufi kwa herufi.
Polepole.

Haya, wewe wa taa ya nyuma.
Pikipiki gani?